Udi Kwenye Koti Jeupe

Mwanamize binti Mselem hakuwa mtu wa kuonewa akanyamaza. Small Heath nzima, mtaa wa Birmingham kule Uingereza, inalijua hilo. Mwenye bucha mmoja wa Coventry Road alimpimia mifupa akamwambia nyama, Mwanamize alimmwagia kifurushi chote juu ya meza yake, wateja wanatazama, akamwambia, "Kampe mbwa wako, na mbwa mwenyewe akikataa usimlazimishe." Hasira zake zilikuwa za karibu, lakini hazikuwa za bure. Alitoka Unguja baada ya Mapinduzi, yeye na mumewe Mkubwa na sanduku moja, na vilivyobaki vikabaki: nyumba, vyombo, hata picha za harusi. Jina alikuja nalo. "Mie sina nyumba wala shamba," alipenda kusema. "Nina jina. Atakayelichezea tutaonana."

Mkubwa alipata kazi kwenye yadi ya treni, Tyseley. Mwanamize akakaa nyumbani anamlea binti yao Raya na kushona kofia za vitobo, ambazo Birmingham hapakuwa na wa kuzinunua, mpaka kiwanda kimoja cha huko huko Tyseley, Aldbrook, kilipobandika tangazo kinataka wanawake wenye macho mazuri na mikono iliyotulia. Mikono iliyotulia alikuwa nayo. Roho iliyotulia hawakuuliza. Wiki ya kwanza walitaka kumwita Mary kwa kuwa jina lake liliwashinda. Hakuitika. Wakaita Mary asubuhi, wakaita Mary mchana, kimya, mpaka meneja mwenyewe, Bwana Pargeter, alipojifunza kusema "Mwana-mizi". Hapo akageuza shingo.

Aldbrook walitengeneza chipu za kompyuta. Wanawake walikaa kwenye chumba walichokiita chumba safi, cheupe, kimefungwa pande zote. Mle ndani vumbi haramu, poda haramu, mafuta ya nywele haramu. Kila mmoja alikuwa na darubini yake, na kazi yake ilikuwa kukishika kipande cha silikoni, kidogo kuliko ukucha wa mtoto, na kukiunganisha na miguu yake ya chuma kwa nyuzi za dhahabu nyembamba kuliko unywele. Kikishafunikwa kinakuwa kitu cheusi, kirefu, miguu huku na miguu huku. Mwanamize akaviita tandu. Aliyekicheka zaidi kichekesho hicho alikuwa Jasumati, wa meza ya pili, Mhindi wa Kampala, mmoja wa wale waliofukuzwa Uganda. Kiswahili alikuwa nacho cha dukani na cha jikoni. Siku ya kwanza alipomsikia Mwanamize anautukana uzi uliokatika, aligeuka macho yamemtoka: "Mama, wewe natoka wapi?" Tangu hapo wakawa mashoga, chakula kimoja, basi moja.

Sasa, Aldbrook walikuwa na mahasimu wao. Tennick, wa Digbeth, nyuma ya stesheni ya mabasi. Wakichukiana kama wake wenza. Aldbrook akitoa prosesa, yaani ile chipu kubwa ambayo ndiyo akili ya mashine, Tennick naye hulala macho mpaka atoe yenye mbio zaidi. Hayo si kitu, biashara ndivyo ilivyo. Ubaya ulianza walipoacha kushindana kwa walivyo navyo wakaanza kushindana kwa wasivyo navyo. Mwisho wa mwaka sabini na sita Tennick walitangaza gazetini, na mchoro wa rangi juu yake, kwamba wana mpango wa prosesa mpya, Kumi na Sita, kwa maana inachukua tarakimu kumi na sita kwa mkupuo, itakayoifanya ile ya Nane waliyoiuza wote kila siku ionekane mkokoteni. Aldbrook wakapandwa na wazimu. Wiki hiyo hiyo Pargeter akatundika ubao ukutani, mstari mwekundu unapanda kama ngazi: sabini na saba, Kumi na Sita yetu, sabini na tisa, Thelathini na Mbili yetu. Akawasimamisha wanawake wote chini ya ubao wapigwe picha.

"Hebu watazame hawa," Mwanamize alimwambia Jasumati kwa Kiswahili, huku akitabasamu kwa ajili ya kamera. "Kwetu mtu ana mimba ya miezi minane, nguo ya mtoto hanunui, anaogopa jicho na anamwogopa Mungu. Hawa wametangaza mtoto na mjukuu, na mama mwenyewe hata hajaposwa!"

Jasumati alicheka mpaka picha ikaharibika.

Lakini nyuma ya ubao ule palikuwa na jambo. Mnunuzi wao mkubwa alikuwa kampuni ya Coventry inayounda mashine za kukatia vyuma, na mtu wake alikuwa Bwana Lomas. Lomas alisema wazi: mwaka huu nachagua mmoja. Atakayeniletea Kumi na Sita inayofanya kazi, mezani pangu, huyo ndiye nitakayekwenda naye. Na kila mtu Aldbrook, mpaka mfagiaji, alijua kuwa bila Lomas kile chumba safi hakina haja ya kuwashwa taa.

Basi katika miezi hiyo, kwa kubana matumizi, wakubwa wakaacha kufua makoti meupe ya kazini. Kila mmoja akafue lake kwake. Lishike hilo, kwa maana baadaye wao hawakulikumbuka.

Ikaja Maulidi, mwanzo wa mwezi wa tatu. Wazanzibari wa Small Heath walikuwa wachache, na nyumba yenye chumba kikubwa cha mbele ilikuwa ya Mwanamize. Wanawake wakajaa mle, mahamri, halua ya kuletewa, na chetezo cha udi kinazunguka toka kwa huyu hadi kwa yule. Jioni kabla ya siku yenyewe Mwanamize alifukiza nguo za nyumba nzima. Kanzu ya Mkubwa, gauni la Raya, buibui lake. Koti jeupe lilikuwa limefuliwa, limekauka kando ya hita ya mafuta ya taa, limetundikwa pamoja na hizo nyingine. Akalichukua na lenyewe, akalilaza juu ya chetezo. Hakuwaza. Alivyolelewa, nguo ikifuliwa isifukizwe udi bado haijamaliza kufuliwa. Mkono ulifanya kazi yake, na moyo uko kwenye mahamri.

Siku ya pili yake aliingia chumba safi ananukia kama bibi harusi. Wanawake wakageuka kwenye viti. Pargeter akapita, akanusa, akasema, "Nani ametoka kanisani?" Akacheka, akaenda zake. Alicheka, wallahi. Mtu ambaye chumba chake kimechafuliwa hacheki.

Asubuhi hiyo hiyo, Pargeter alirudi na trei aliyoibeba mwenyewe kwa mikono miwili. "Hivi ndivyo vyenyewe," akasema. "Kumi na Sita. Ni vya mfano, vinakwenda kwa Bwana Lomas. Taratibu, mabibi."

Mwanamize akainamisha jicho kwenye darubini. Loo! Akainua kichwa, akainamisha tena. Walikuwa tandu wale wale. Nane ile ile waliyoishona mwaka baada ya mwaka, hata kona yake ile iliyopinda ipo. Na si yeye peke yake aliyeona. Kila mwanamke mle ndani alikijua kile kipande kama anavyolijua sufuria lake mwenyewe.

"Hawa si ya zamani?" Jasumati akanong'ona.

"Ni wa zamani, wamevishwa kofia mpya."

Mwanamke mmoja wa Kiingereza akauliza kwa sauti. Pargeter akamjibu kuwa umbo la ndani limebadilika mahali ambapo jicho halifiki, na kazi yao ni kuunganisha, maswali yana watu wake. Wakaunganisha. Tandu wakafunikwa, wakapigwa mhuri wa jina jipya mgongoni, wakapelekwa Coventry kwenye kisanduku chenye kitambaa cha mahameli. Mwanamize alisema moyoni, mambo ya wenyewe hayo, mie yangu dhahabu.

Hazikupita wiki nyingi Lomas akavirudisha. Havikuweza kufanya hata kimoja katika vilivyoahidiwa. Sasa Pargeter angesema nini? Angesema mtoto hayupo, tulifunga mto tumboni? Akamwita Mwanamize ofisini.

"Ule moshi wako," akaanza.

"Moshi gani?"

"Wa koti lako. Tumechunguza. Chembe za moshi ziliingia kwenye vile vya mfano, zikaviua. Sikulaumu, Mwana-mizi, ni mila yenu, hukujua. Ijumaa Bwana Lomas anakuja. Nataka umwambie mwenyewe, kwa kinywa chako. Mtu akisikia kwa mwenye kosa anaamini. Atatupa miezi mitatu tutengeneze vingine."

Mwanamize alihisi masikio yanapata moto. "Siku ile, kwa koti lile lile, nilishona na tandu wa kawaida trei nzima. Mmewauza. Mbona hao hawakufa?"

Pargeter aliinuka, akafunga mlango, akarudi akaketi, na aliposema tena sauti yake ilikuwa laini, na ule ulaini ndio uliomtisha Mwanamize.

"Ukisema, hakuna atakayepoteza kazi, wewe wala mwingine. Usiposema, Lomas anakwenda Tennick, na kile chumba nakifunga. Wote. Na yule rafiki yako wa Kampala pia. Chagua wewe."

Ebo! Wao waseme uongo, wao wagonge ukuta, halafu uchaguzi uwe wa Mwanamize! Alitoka pale hajui kapandaje basi. Alifika kwake akasukuma mlango ukagonga ukuta, akamwambia Mkubwa yote kwa mara moja, kanga imemdondoka kichwani na hajui.

Mkubwa alikuwa mtu wa taratibu, aliyechoka. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani. "Mize," akasema, "sema tu yaishe. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Baba Raya, kombe ni langu! Na mwanaharamu hapiti, anataka kunywa!"

"Ni neno tu."

"Ni jina langu!" akapiga kelele, na Raya akashuka ngazi kuja kuuliza kwa Kiingereza nani amekufa. "Wataondoka pale wanasema, yule mwanamke mweusi mchafu, na moshi wake wa uganga, ndiye aliyeua mashine yetu. Mie! Niliyefua koti kwa mkono wangu kwa kuwa wao wameona ghali kufua!"

Mkubwa akarudisha miwani machoni. Na yeye aliyajua maneno ya kuwatukana weusi yaliyoandikwa kwenye madirisha ya kazini kwake.

Jumatano Jasumati akaja na bakuli la mboga limefunikwa. Hakuketi. Alisimama jikoni na koti lake la baridi, anazungusha bangili mkononi.

"Mama Raya, wote najua. Pargeter amesema na sisi."

"Amekutuma?"

"Hapana. Mimi natumwa na tumbo." Machozi yakamlenga. "Iko mama mkwe mgonjwa, iko watoto. Bwana yangu tangu Kampala hajasimama tena, nakaa dirishani tu. Mimi nimefukuzwa mara moja, Mama Raya. Mara moja inatosha. Sema tu. Sisi wote tunajua kweli. Mungu anajua kweli."

Lau angekuja mwingine, Mwanamize angemtoa na bakuli lake. Kwa Jasumati hasira zilikosa pa kwenda. Zilimrudi mwenyewe, zikakaa kifuani zinachemka. Akaosha bakuli, akalijaza mahamri, kwa sababu chombo hakirudi kitupu, akampa. Hakumwambia ndiyo wala hapana.

Ijumaa akasimama mbele ya Lomas. Alijiandaa kukemewa, alikuwa amekaza meno kwa hilo. Akasema, "Nilifukiza koti langu udi nikaingia nalo. Ni moshi wangu." Akangoja.

Lomas akatabasamu. Akasema ni mila ya kupendeza sana hiyo. Akauliza huo udi ni mti gani, na je, wanachoma pia kwa ajili ya kufukuza mashetani? Akamgeukia Pargeter, "Basi labda tumwombe afukuze yaliyomo kwenye mitambo yangu!" Wakacheka wote wawili mpaka Pargeter akafuta macho. Mwanamize alisimama katikati yao na mikono yake ile iliyotulia. Matusi angeyabeba. Kile kicheko kilimfuata mwaka mzima.

Miezi mitatu wakapewa. Mlangoni pa chumba safi pakabandikwa sheria mpya, chini ya poda na mafuta ya nywele: moshi. Wafanyakazi wa stoo wakawa wakimwona wanapunga mikono mbele ya pua. Jubilei ya Malkia ikaja, bendera zikafungwa toka dirisha hadi dirisha, kiwanda kikagawa keki. Kumi na Sita haikuja. Pargeter akawa anabandika karatasi nyeupe juu ya tarehe kwenye ubao na kuandika nyingine, mpaka ile sehemu ikawa nene. Mwezi wa tisa Lomas akasema imetosha, akaenda Tennick. Wiki ile ile Aldbrook wakakifunga chumba safi. Wote wakatoka, Jasumati na wengine wote, kila mmoja na koti lake jeupe mkononi, kwa kuwa hata kuyapokea hakuna aliyejali.

Kwa hiyo jina lake alilitoa bure. Bure kabisa! Angelikuwa ameliuza, walau angeonyesha kitu.

Majani yalikuwa yamekwisha kupukutika Tennick walipotangaza kuwa wanataka wanawake waliozoea darubini. Mwanamize na Jasumati wakapanda basi hadi Digbeth. Kwenye korido palikuwa na benchi, na wanawake wa Aldbrook wamejipanga juu yake, nyuso zile zile. Mwanamize akaitwa wa mwanzo. Akaingia, na nyuma ya meza, tai mpya, alikuwa amekaa Pargeter.

Ndiyo, yeye. Wanawake waliachwa barabarani, na hasimu akamkaribisha meneja na chai. Ule uadui wote, magazeti, mbao, mistari myekundu, kumbe ulikuwa mlango mmoja tu, na wenyewe wanapita wapendavyo.

"Mwana-mizi!" akasema kwa furaha ya kweli. "Kaa, kaa. Wewe sina haja ya kukujaribu. Kazi unayo." Akamimina chai. Nyuma yake ukutani palikuwa na ubao, mstari wake huu wa kijani, unapanda vile vile. "Niambie, ile sikukuu yenu ya mwezi wa tatu, mwakani itakuwa lini?"

Mwanamize alidhani anaulizwa habari za likizo. Kwa mara ya kwanza alimwona Pargeter ana ubinadamu. "Inakwenda na mwezi," akasema. "Mwakani itawahi. Februari, inshallah."

"Februari," akasema Pargeter. Akageuza kiti, akautazama ubao, akaweka kidole pale palipoandikwa Kumi na Sita, vya mfano. Februari. "Februari ni vizuri. Vizuri kabisa. Makoti, kwa bahati mbaya, na hapa tunafua nyumbani."

Kikombe kilikuwa mkononi mwa Mwanamize. Alikiweka chini polepole, kwa sababu alijua angekitupa. Kisha akaenda akaufungua mlango wote, korido nzima ikaona ndani, akasema kwa Kiingereza chake, kila neno kwa nafasi yake:

"Hapa pia mtoto hayupo! Na Aldbrook hakuwepo. Vile vya mfano vilikuwa Nane za zamani, mmevipiga mhuri mpya, na kila mwanamke hapa aliviona. Moshi wangu haukuua kitu. Nilisema ni mimi kwa ajili ya hawa kwenye benchi. Kwa ajili yako wewe, Pargeter, singesema hata jina la mbwa. Sasa unataka niwe na moshi tayari kila mwaka uongo wako unapoiva? Mimi ni Mwanamize binti Mselem. Sikuharibu kitu!"

Pargeter alikuwa mwekundu hadi shingoni. "Mwanamke huyu ana wazimu," akaiambia korido.

Kila mmoja kwenye benchi akatazama viatu vyake mwenyewe. Mwanamize alipita mbele ya benchi, kichwa juu, na kila alipopita jicho likamkwepa, na hilo ndilo lililomuuma kuliko Pargeter na chai yake. Alikuwa amefika mlango wa nje aliposikia bangili.

Jasumati alikuwa amesimama. "Kweli," akasema kwa Kiingereza. "Mimi nilikaa pembeni yake. Mimi niliona. Ilikuwa ya zamani."

Akaketi tena, kwa sababu zamu yake ilikuwa inafuata na watoto wanataka kula. Akaitwa, akaingia. Mwanamize akamngojea nje kwenye baridi, mikono kwapani, mabasi yanaingia na kutoka.

Hakukawia. Alitoka upesi kuliko alivyoingia, anafunga vifungo vya koti lake la baridi, kimoja kimekosea tundu.

"Wamesemaje?"

"Wamesema nafasi imejaa."

Mwanamize akamfungua kile kifungo, akakitia mahali pake. Wakatembea hadi kituoni. Basi lilipotokea, Jasumati akautazama mkono wa koti lake, akaunusa, akaushusha.

"Kesho natafuta pahali pengine," akasema. "Leo twende kwako kwanza, Mama Raya. Fukizia na mimi hii koti."